Audax ni ujasiri wa namna gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Bristol, huu ni mwaka wangu wa tatu, na kazini naenda kwa baiskeli: kilomita 9 kwenda, 9 kurudi. Wenzangu wawili wa wodini wamenialika kwenye kitu wanachokiita "audax", safari ya baiskeli ya kilomita 200 kwa siku moja, mwishoni mwa Septemba. Nimeangalia kamusi, naambiwa ni Kilatini na maana yake ni jasiri. Lakini kwenye picha zao naona wazee wenye mvi wamekaa ukumbini na vikombe vya chai. Ujasiri uko wapi hapo? Ni mashindano? Niende? Na baiskeli yangu ina kapu mbele, nitachekwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umenipa swali lenye vitu viwili ninavyovipenda. Kilatini nilikisoma seminari ndogo kule nyumbani, miaka minne ya kukariri minyambuliko kwa mwanga wa kandili. Baiskeli niliijua kabla ya hapo, kwa sababu baba alikuwa katekista, na Phoenix yake nyeusi ndiyo iliyompeleka vigangoni kila Jumapili, masika na kiangazi. Hapa Uingereza nimekuwa nikizunguka kwenye hizo audax kwa miaka kumi na minne sasa. Nianze na neno lenyewe, maana naona ndilo lililokutia wasiwasi.

Kamusi yako haikukosea, ila imekupa kipande tu. Kilatini kina kitenzi audere, kuthubutu. Ukikipa kimalizio cha -ax, unapata sifa ya mtu ambaye jambo lile limemkaa, limekuwa tabia yake. Ndugu za audax katika ukoo huo ni edax, mlafi; loquax, mtu wa maneno mengi; rapax, mnyang'anyi; fallax, laghai. Unaona ukoo wenyewe usivyo na sifa njema. Sisi tunao mtindo kama huo: mlevi hatumwiti hivyo kwa kuwa alilewa jana, na mgomvi hatumpi jina hilo kwa ugomvi wa siku moja. Vivyo hivyo audax ni mtu aliyezoea kuthubutu, kila siku, na Warumi walimtazama mtu wa namna hiyo kwa jicho la tahadhari.

Mwaka 63 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, alisimama mbele ya Seneti kumshambulia Catilina aliyekuwa akipanga kuipindua dola. Katika maneno yake ya mwanzo kabisa anauliza ile audacia, yaani tabia ya kuthubutu, ya mtu yule itajitapa mpaka lini, na anaipa sifa ya effrenata, yaani isiyo na lijamu. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni mwa farasi. Naomba ukikumbuke, nitakirudia. Na katika shairi kuu la Virgil, anayeitwa audax ni Turnus, adui wa shujaa Aeneas. Huyo Turnus ndiye anayewaambia askari wake kwamba Bahati huwasaidia wanaothubutu. Watu wanaiandika kauli hiyo kwenye fulana na kuichora mwilini bila kukumbuka kwamba msemaji wake anauawa kwenye mistari ya mwisho ya shairi.

Wala hili halitupigi chenga sisi Waswahili. Mtoto akinyoosha mkono kwenye sufuria ya nyama kabla wageni hawajafika, mama akamwambia "Thubutu!", hamsifu hata kidogo. Lakini kijana yule yule akipata nafasi ya masomo ng'ambo, watu watasema "angalau amethubutu", na hapo ni sifa tupu. Neno lina makali pande zote mbili.

Sasa lilifikaje kwenye baiskeli? Mwezi Juni 1897, kundi dogo la Waitaliano, Vito Pardo akiwa mmoja wao, liliondoka Roma kuelekea Napoli. Ni kama kilomita 230. Walijiwekea sharti moja: safari nzima iwe kati ya kuchomoza kwa jua na kuzama kwake. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na gia moja na chuma kizito, na barabara ilikuwa mawe na vumbi. Watu wa kuweza jambo la namna hiyo wakapewa jina la audax. Tazama walichofanya. Hawakusema atakayemtangulia mwenzake ndiye jasiri. Kipimo walimkabidhi mwamuzi asiye na upendeleo, jua, na mtu wa kwanza na wa mwisho wote walikuwa majasiri alimradi wamefika kabla halijazama. Ile audacia ya Cicero ilikuwa imetiwa lijamu.

(Kama unafuatilia soka la Amerika Kusini, jina hili umeshakutana nalo: Audax Italiano ya Santiago, Chile. Wahamiaji wa Kiitaliano waliianzisha mwaka 1910 ikiwa klabu ya baiskeli, mpira ukaja baadaye.)

Kutoka Italia habari ikafika Ufaransa, mikononi mwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, yule aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903. Mwaka 1904 alianzisha Audax ya Kifaransa na kuiandikia kanuni. Yeye lijamu yake ilikuwa kali kuliko jua: watu waende kundi moja, kwa mwendo mmoja uliopangwa, mbele yao akiwepo kapteni wa barabara ambaye haruhusiwi mtu kumpita. Ukiwa na nguvu, unazitumia kumsaidia aliyechoka. Mwaka ule ule ikaundwa klabu ya Audax Club Parisien kuandaa safari hizo.

Mwaka 1921 Desgrange na klabu ile wakakorofishana, naye akawanyang'anya haki ya kuandaa safari za Audax kwa kanuni zake. Hawakulala. Mwezi Septemba mwaka ule ule waliandaa safari yao wenyewe ya kilomita 200, na humo kila mtu akaachiwa aende kwa mwendo wake: mwenye haraka apite, mwenye pole abaki nyuma, mradi wote wafike ndani ya muda uliowekwa. Jina la klabu hawakulibadilisha. Ndiyo maana leo kuna mkanganyiko ambao nataka ujue mapema, usije ukaaibika ukienda Ufaransa. Kwa Mfaransa, audax ni safari ya kundi na kapteni. Union des Audax Français wanaiendesha mpaka leo, kilomita 22.5 kwa saa, nyuma ya kapteni. Aendaye kwa mwendo wake anaitwa randonneur. Kwa Mwingereza na Mwaustralia, audax ni hiyo hiyo safari huru iliyozaliwa kwenye ugomvi wa 1921, na ndiyo wenzako wa wodini waliyokualika.

Hata hilo neno la pili, randonneur, lina historia inayofanana na la kwanza. Kifaransa cha kale kilikuwa na randon, nalo lilimaanisha kasi ya kufumuka, kama maji yanayovunja ukingo. Leo randonnée ni matembezi marefu ya mtu asiye na haraka. Maneno mawili yaliyozaliwa yakiwa na pupa, yote mawili yakafundishwa subira na watu wa barabarani. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza nilikaa na kamusi mkononi muda mrefu.

Unauliza kama ni mashindano. Hapana. Hakuna mshindi, hakuna nafasi ya pili, na orodha ya waliomaliza hupangwa kwa herufi za majina. Aliyetumia saa 8 na aliyetumia saa 13 wanapata kitu kimoja, nacho ni breveti. Hilo nalo ni neno la Kifaransa lenye mizizi ya Kilatini, brevis, fupi: waraka mfupi, yaani cheti. Watu wanasema "nimefanya breveti ya 200" wakimaanisha safari pamoja na cheti chake.

Utakapofika mwanzoni utapewa kadi ndogo, ngumu kidogo, inayokunjika na kuingia mfuko wa shati. Ina jina lako na visanduku vya vituo vya ukaguzi, kila kituo na saa yake ya kufunguliwa na ya kufungwa. Kituoni mtu atakugongea muhuri na kuandika saa. Pengine hakuna mtu. Hapo unanunua kitu dukani na risiti yenye saa inakuwa ushahidi. Na pengine hakuna hata duka, basi kadi inakuuliza swali ambalo mtu hawezi kulijibu asipofika pale: kibao cha njia panda kinasema ni maili ngapi hadi kijiji fulani, au lango la kanisa limeandikwa mwaka gani. Siku hizi wengine wanatumia simu, lakini ninayo sanduku zima la kadi nyumbani na siwezi kuacha kuzipenda. Ipo moja ambayo wino wake umeenea kama chai iliyomwagika, kwa sababu niliandika jibu mvua ikinyesha, nikiwa nimeiegemeza kadi juu ya siti, mkono wa kushoto ukiikinga. Nikiishika nakumbuka baridi ya siku ile vidoleni.

Mwisho wa safari kadi inakabidhiwa, inakaguliwa, na safari yako inathibitishwa na kupewa namba. Hapa ndipo Kiswahili kinapoeleza jambo hili kuliko lugha zote ninazozijua. Kuthubutu, kuthibitisha na thabiti yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuwa imara na kutotikisika. Anayethubutu, anayesimama thabiti na anayethibitishiwa ni ukoo mmoja katika lugha yetu. Mrumi alipotamka audax aliona mtu anayerukia jambo. Mswahili akisema "amethubutu", chini ya neno lake kuna mtu aliyesimama na hayumbi. Hao wazee uliowaona ukumbini na chai wanafaa zaidi kwa neno letu kuliko kwa neno la Kilatini walilojiita.

Muda wenyewe ni huu. Kwa breveti za kimataifa zinazothibitishwa na Audax Club Parisien, kilomita 200 zina saa 13 na nusu. 300 zina saa 20. 400 zina saa 27. 600 zina saa 40. Na 1,000 zina saa 75. Ukimaliza 200, 300, 400 na 600 ndani ya msimu mmoja unaitwa Super Randonneur. Na kuna kikomo cha upande wa pili, ambacho wengi hawakitegemei: hairuhusiwi kufika mapema mno. Kwa kilomita 200 kituo cha mwisho hakifunguliwi kabla ya saa 5 na dakika 53 tangu kuanza. Atakayefika kabla ya hapo atasubiri mlangoni. Hiyo pia ni lijamu, ya kumzuia farasi mwenye kasi.

Tuhesabu ya kwako. Mkianza saa 2 asubuhi, kituo cha mwisho kinafungwa saa 3 na nusu usiku. Hiyo ni wastani wa kilomita 15 kwa saa, na humo ndani kuna kula, kujisaidia, kuziba pancha na kupumzika. Kama kilomita zako 9 za kwenda kazini zinakuchukua nusu saa, unakwenda kilomita 18 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 200 zinahitaji saa 11 na dakika 7 za kukanyaga, na zinabaki saa 2 na dakika 23 za mambo mengine yote. Hizo zinatosha, kwa masharti. Mtu hashindwi breveti ya 200 kwa sababu miguu yake ni ya polepole. Anashindwa kwa kukaa dakika 50 kwenye mgahawa pale ambapo zilitosha 20, mara tatu. Anashindwa pia kwa kuanza mbio.

Hilo la kuanza mbio lilinikuta mimi. Kwenye breveti yangu ya kwanza nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mapafu mazuri, na kichwani nilikuwa na lile neno: jasiri. Nikawafuata vijana wanne waliotoka kwa kasi, na kilomita 60 za kwanza nilihisi naruka. Kilomita ya 130 miguu ikazimika. Nilikuwa kwenye mlima mdogo tu, wa kawaida, ila nilishuka na kukaa kwenye ukingo wa mawe, nikaona nyota machoni. Sikuwa nimekula chochote tangu kifungua kinywa. Akapita mzee mmoja, mstaafu wa posta kama nilivyokuja kujua, kwa mwendo ule ule niliouona akitoka nao asubuhi. Hakuniuliza kama nina tatizo la baiskeli. Aliuliza: "Umekula?" Akatoa nusu ya mkate wake wa jibini uliofungwa kwenye karatasi, akasimama mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nikae nyuma yake na nisimpite. Tulifika pamoja kwa saa 12 na dakika 48. Wale vijana wanne, wawili walikuwa wamepanda treni kurudi nyumbani. Methali yetu ya kutangulia si kufika niliijua tangu utoto. Siku ile niliielewa.

Mzee yule, kumbe, alikuwa akifuata mafundisho ya zamani sana. Paul de Vivie, Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Vélocio na aliyefariki mwaka 1930, aliwaachia wasafiri wa baiskeli amri saba. Kula kabla hujaona njaa, kunywa kabla hujaona kiu. Vaa kabla hujasikia baridi, vua kabla hujasikia joto. Usijilazimishe, hasa saa za mwanzo. Na ya mwisho, ambayo naiona kubwa kuliko zote: usikanyage kwa ajili ya kujionyesha. Kila mwanzo wa safari najikumbusha hiyo ya mwisho.

Sasa niseme ujasiri uko wapi, kwa sababu uliuliza kwa dhati na sitaki uondoke na jibu la kwamba haupo. Upo. Katika safari hizi hakuna gari linalokufuata. Kati ya kituo na kituo uko peke yako na unachobeba. Cheni ikikatika saa nane usiku kwenye breveti ya 400, ni wewe na koleo lako na taa ya kichwani. Mvua ikianza kilomita ya 70, unazo 130 nyingine za mvua hiyo hiyo. Hakuna umati wa kukushangilia wala zawadi ya fedha itakayokusukuma. Kuondoka kitandani alfajiri ukijua hayo yote, ukatia sahihi kwenye fomu, ukasema "nitafika kabla ya saa 3 na nusu", huko ndiko kuthubutu. Baba hakuwahi kukisikia Kilatini nje ya misa, lakini masika yakiwa yamefunga barabara aliinua Phoenix begani, akavuka mto maji yakiwa kiunoni, na akafika kigangoni kabla ya saa ya ibada kwa sababu watu walikuwa wakimsubiri. Ningempa breveti yake mimi mwenyewe kama ningekuwa na muhuri.

Hao wenzako pengine wameshakutajia Paris–Brest–Paris, na kama hawajakutajia watakutajia, maana kila mtu wa audax anazungumza habari zake. Ilianza mwaka 1891 ikiwa mashindano hasa, yaliyoandaliwa na Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal, kutoka Paris hadi bandari ya Brest kwenye ncha ya magharibi ya Ufaransa na kurudi. Charles Terront alishinda kwa muda usiofika siku tatu. Mwaka 1901 Maurice Garin alishinda kwa saa 52 na dakika 11, miaka miwili kabla ya kushinda Tour de France ya kwanza. Mwaka 1931 Mwaustralia Hubert Opperman, ambaye baadaye alikuwa waziri kwao, alishinda kwa saa 49 na dakika 23. Mwaka huo huo wa 1931, Audax Club Parisien ilifungua safari yake kwa watu wa kawaida kwenye njia hiyo hiyo. Mashindano ya wataalamu yalikufa baada ya 1951. Safari ya watu wa kawaida ndiyo iliyobaki hai, na sasa hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya mwisho ilikuwa Agosti 2023, na waliojitokeza walikuwa zaidi ya 6,000 kutoka pande zote za dunia. Kilomita ni kama 1,200, muda saa 90. Usiku, vijijini Bretagne, jimbo lenye mji wa Brest, watu wanaweka meza mbele ya nyumba zao, na kahawa na chapati zao nyembamba za maziwa, na watoto wananyoosha mikono wagongane viganja na waendeshaji. Wafaransa wanayo hata keki ya mviringo kama gurudumu inayoitwa Paris-Brest. Iliumbwa mwaka 1910 kwa heshima ya safari hii.

Hata kuwepo kwa audax hapa Uingereza kunatokana na safari hiyo. Miaka ya sabini Wafaransa walianza kutaka kila anayekwenda Paris awe amekwisha fanya breveti za kumpima. Waingereza hawakuwa na wa kuwaandalia, ndipo mwaka 1976 wakaanzisha Audax UK. Leo ina safari karibu kila mwisho wa wiki, nyingi zikianzia kwenye kumbi za vijiji, na ile chai uliyoiona pichani huwa inapikwa na watu wa kujitolea walioamka saa kumi alfajiri. Mimi huwa najitolea mara mbili kwa mwaka. Kumgongea muhuri mtu aliyelowa chapachapa, mikono yake ikitetemeka, akakutazama kama umempa dunia, ni raha ambayo kuendesha peke yake hakuitoi.

Jambo moja zaidi kuhusu ujasiri na lijamu. Mwaka 2025, safari ya London–Edinburgh–London, ndefu kuliko hata ile ya Paris, ilisimamishwa njiani na waandaaji kwa sababu ya dhoruba iliyopewa jina Floris. Watu walikuwa wamejiandaa miaka, wengine wamevuka bahari. Wengi walilia. Naamini waandaaji walifanya sawa kabisa, na siku yoyote ukijiona wewe mwenyewe kwamba hapa pamezidi, upepo unakusukuma katikati ya barabara au macho yanafumba, simama. Mpigie mwandaaji simu kumwarifu umeacha ili asikutafute usiku, kisha tafuta stesheni.

Uende? Nenda, ila usianze na 200 kutoka 9. Unayo miezi. Anza na 50 siku ya mapumziko, kisha 80, halafu ingia kwenye mojawapo ya safari fupi za kilomita 100, ambazo Audax UK inaziandaa pia na kadi zake na mihuri yake. Ukimaliza 100 na bado una uwezo wa kupanda ngazi za nyumbani, kwa uzoefu wangu 200 utaziweza. Kinachobadilika ni kula na kukaa kwenye siti. Siti uliyozoea usiibadilishe wiki ya mwisho. Beba tyubu mbili, pampu, vyuma vya kutolea tairi, na uwe umejifunza kuziba pancha ukiwa sebuleni, kabla hujalazimika kuifanya kwenye matope. Septemba mwishoni jua linazama karibu saa 1 jioni, kwa hiyo taa ya mbele na ya nyuma zinahitajika, na koti la mvua hata kama utabiri umekuapia jua. Chapati mbili zilizopakwa siagi ya karanga na kukunjwa, ndizi, na tende chache mfukoni zitakufaa kuliko vile vijisukari vya paketi. Kula kila saa, hata kama huna hamu. Weka kengele ya simu.

Na wewe ni mtu wa zamu. Ratiba ikikuangukia zamu ya usiku wa Ijumaa, usiende Jumamosi. Unajua kuliko mimi mwili unavyokuwa saa nane mchana baada ya kukesha, na barabara haina kitanda cha kuegemea. Badilishana na mwenzako, au chagua breveti nyingine, ziko nyingi.

Kuhusu kapu. Kanuni zinataka baiskeli iendeshwe kwa nguvu za mtu na iwe na taa giza likiingia, kapu halikatazwi. Nimeona watu wakimaliza 200 kwa baiskeli za gia moja, kwa baiskeli za watu wawili, na mama mmoja kwa baiskeli ya kukunja. Kaza skrubu zake, weka humo koti na chapati, na juu funga kamba ya mpira ili visiruke kwenye mashimo.